Bei ya Ndiyo

Mjukuu wangu aliponiambia kwamba jioni hiyo ya Jumamosi atakuwa kwenye soko la kutabiri, nilivaa koti langu la ibada. Sisi watu wa Kongo neno hilo tunalijua kanisani: anayetabiri ni nabii. Na hapa Albert Park, mtaa wetu wa ugenini, manabii wa kuuza maji na mafuta ya upako hawakosekani. Nikashuka ngazi hadi chumbani kwake, tayari kumkemea mtu.

Nilimkuta peke yake na simu.

“Yuko wapi huyo mtumishi?”

“Mtumishi gani?”

“Anayekuuzia unabii.”

Alicheka hadi akakaa sakafuni. “Babu, iko basketi tu. Vyuo viwili vya Amerika.”

Akanieleza taratibu. Swali ni moja: chuo hiki kitashinda? Watu wa nchi nyingi wananunua Ndiyo au Hapana. Kikishinda, kila Ndiyo inalipwa dola moja. Kikishindwa, hailipwi kitu. Yeye anasoma takwimu, na aliona watu wanakidharau chuo kile, akanunua Ndiyo kwa senti thelathini. Kompyuta yake ilikuwa imekufa, mtihani ulikuwa karibu, na akiba yake haikutosha kumlipa fundi. Aliiweka yote humo.

Kuhusu kamari nimefundishwa, nami nimefundisha. Lakini pesa zilikuwa zimekwisha kuingia. Nikaketi.

Namba kwenye simu, yaani bei ya Ndiyo kwa senti, ilipanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala. Kijana akifunga kikapu katika nchi nisiyoijua, maelfu wanabadili mawazo, na namba inasogea kabla mtangazaji hajamaliza sentensi. Sikuwahi kufikiri kwamba imani na shaka za watu zinaweza kuonekana hivyo, zikipumua mkononi mwa mjukuu wangu.

Mchezo ulipokaribia kwisha, chuo chake kikaongoza. Namba ikafika tisini na moja.

“Mbona si mia?” nikauliza. “Si wameshashinda?”

“Bado, Babu. Hizo tisa ni za kile tusichojua.”

Nimewasikia wahubiri wengi wakitangaza kesho ya mtu bila kubakiza hata senti moja. Na hawa wasiojuana, labda wengi wao hata hawasali, walikuwa wamemwachia Mungu tisa bila kumtaja. Mwili ulinisisimka kama tunaposimama kimya mbele ya Meza ya Bwana.

“Niuze ama ningoje?” akauliza. “Nikiuza Ndiyo zangu sasa kwa bei hii, fundi analipwa. Nikingoja na wakishindwa, sina kitu.”

“Mimi si nabii.”

“Eish, Babu. Na koti lote hilo?”

Akauza. Punde wapinzani wakafunga mara tatu mfululizo, na namba ikaporomoka hadi hamsini. Alishika mkono wangu ingawa hakuwa tena na cha kupoteza. Chuo chake kilishinda kwa pointi moja.

“Umeziacha tisa,” nikamtania.

“Hazikuwa zangu.”

Mpaka leo sijui kama nilipaswa kumkataza, na bado ninaliombea jambo hilo. Jumatatu fundi wa simu, pale chini ya jengo letu, aliiwasha ile kompyuta. Mjukuu wangu hakungoja kupanda ngazi. Alianza kusoma pale pale kaunta, watu wakimpita, nami nikasimama nyuma yake nikishukuru kimya kimya.