Volti za Chumba cha Mama

Bi Volti, fundi wa redio, hakupata usingizi wa maana tangu daktari aseme mama yake anaweza kurudi nyumbani, mradi mashine yake ya hewa ya kupumulia isizimike. Nyumba yenyewe ya kupanga, nyaya zimeungwaungwa na kila mpangaji aliyewahi kupita humo. Ukizifuata utalia.

"Dada, soketi si hii ina mia mbili thelathini?" mdogo wake wa kiume akang'aka, mita mkononi. "Tukamlete mama, bwana!"

"Umepima haina mzigo, hakuna kitu kinachokula umeme! Hata wewe ukiwa umelala unaonekana una nguvu."

Akachomeka pasi. Mita ikaporomoka hadi mia na themanini. Hata hivyo, hakuwa na haja ya kubomoa ukuta. Vurugu lote lile la nyaya angeweza kulihesabu kama betri moja na ukinzani mmoja tu wa kuuzuia umeme. Volti za soketi tupu ndiyo betri. Zile zilizopotea pasi ilipowaka zikampa ukinzani. Kwenye hesabu akaitoa pasi, akaiweka mashine: mia mbili na nane. Mashine inataka mia mbili, isipungue. Akarudia hesabu, akarudia tena, roho juu.

Mchana mama akaletwa na mtungi mdogo wa hewa wa njiani. Mashine ikawashwa. Mia mbili na nane, vilevile! Mdogo wake akapiga makofi, mama akauliza nani kahamisha kabati lake. Bi Volti hakucheka. Macho kwenye mita tu.

Mara jirani wa chumba cha pili akarudi kazini, akawasha jiko lake la umeme, lililo kwenye nyaya zilezile. Volti zikaanguka, mashine ikapiga kelele.

Maskini! Alipima jirani hayupo. Hesabu ilikuwa sawa kabisa, ila jiko lile likiwaka, betri yake ya kwenye karatasi si ile tena. Akamrudishia mama mpira wa mtungi.

"Nikamwambie azime," mdogo wake akasema.

"Leo atazima. Na siku tutakayokuwa sokoni?"

Akapiga magoti mbele ya kiti alichokalia mama. "Mama, tunarudi hospitali. Mpaka nikuvutie waya wako wa peke yako, usiogawana na jirani."

Mama alitazama kitanda chake kilichotandikwa.

"Afadhali hata viatu sijavua," akasema, akanyoosha mkono ainuliwe.