Fundi wa Kompyuta wa Bondeni

Fundi huyu hagusi RAM, kile kipande cha kumbukumbu ya kompyuta, kabla hajaweka kiganja kizima kwenye chuma cha kompyuta, kama mtu anayempima mtoto homa. Kisha huchomoa ile ya zamani, akaisogeza dirishani na kusoma maandishi yake madogo mara mbili, midomo ikicheza. Halafu huyaandika mgongoni mwa mkono wake wa kushoto. "Karatasi hupotea," husema. "Mkono nalala nao."

Wariara alimletea mashine yake kubwa ya kutengeneza video za harusi, mtoto akiwa mgongoni. Ilikuwa inaganda kila dakika, na wenye harusi ya Dundori walitaka video yao kesho yake. Alikuwa pia na RAM mpya aliyonunua mjini.

"Boss, weka tu hii. Inaingia, nimejaribu."

"Kuingia inaingia, mathe. Kuwaka ndiyo haitawaka. Hii mashine ni ya kazi nzito, inataka RAM ya aina yake."

Akapekua maboksi matatu, kila kipande akikilinganisha na maandishi ya mkononi mwake, bila haraka, hata mtoto alipoanza kulia. Hakikupatikana hata kimoja kilicholingana. Kisha akageukia kompyuta yake mwenyewe, iliyofanana na ile ya Wariara, akaizima katikati ya kazi, akaifungua na kuchomoa RAM zake zote mbili.

"Ukimaliza na hao wa harusi, unirudishie."

"Na wewe leo utafanya kazi na nini?"

"Leo nitafagia," akasema, akiinamia mashine ya Wariara. "Hii duka haijafagiwa tangu Pasaka."