Nyundo Katika Mkono wa Kushoto

Kazi yangu ni kutengeneza sanamu za saruji kando ya barabara pale Mamboleo. Simba wa kuweka getini ndio wananilisha, malaika wa makaburini ndio wananipendeza. Baba alipofariki niliapa kwamba sanamu ya kaburi lake nitaitengeneza mimi, na kwamba itakuwa tayari siku ya ibada ya kumkumbuka, mwaka ukitimia. Wiki tatu kabla ya siku hiyo sikuwa na lolote la kujivunia ila hasira.

Baba alikuwa seremala wa mashua, kwa hiyo nyundo lazima ashike. Nilimsimamisha wima, miguu pamoja, nyundo mkono wa kulia, akatoka mgeni kabisa. Ungedhani anasubiri kupigwa picha ya kitambulisho.

Mchana mmoja mvua ilinikimbiza chini ya bati, nikafungua kitabu nilichonunua kwa muuza vitabu vya mitumba, kikubwa, bila jalada, kimejaa picha za sanamu za Misri ya kale. Nilikuwa nimekinunua kwa ajili ya simba tu. Sasa nikakisoma. Jamani! Kumbe wale mafundi hawakuwa wakipamba! Kila kilichoshikwa kilikuwa na maana. Mfalme akishika fimbo iliyopinda ncha kama ya mchungaji, anachunga watu wake. Akikunja mikono kifuani, amefananishwa na mungu wao wa wafu. Miungu hushika alama ya uhai, ile ya msalaba wenye kitanzi juu. Hata ngumi haikuwa tupu: ndani yake mna kitu kifupi cha mviringo, na wataalamu hadi leo wanabishana kama ni kitambaa au ni nini. Na sanamu yenyewe haikuwa picha ya marehemu tu. Ilikuwa makao ya roho yake, mahali pa kurudi na kula alicholetewa. Nilisoma mvua ikinivujia mgongoni na sina habari.

Kisha nikaona miguu. Karibu wanaume wote waliosimama wametanguliza mguu wa kushoto. Na wale wenye vyeo, ile fimbo ndefu ya heshima wameishika kwa mkono wa kushoto! Ukurasa baada ya ukurasa, kushoto, kushoto, kushoto. Nilipiga ukelele hadi mama anayeuza dagaa wa omena hapo jirani akaja mbio akidhani nimeumwa na nyoka.

Baba, unaona, alikuwa wa mashoto. Shuleni walimchapa mkono huo, na kwetu kumpa mtu kitu kwa kushoto ni kumdharau. Basi akajificha. Nikiwa mdogo nilimwona akigonga misumari kwa kushoto, upesi na kwa raha. Mteja akitokea, nyundo inahamia kulia na misumari inaanza kupinda. Nami niliyeyaona hayo kwa macho yangu nilikuwa nimempa nyundo kulia bila hata kufikiri. Sisi mafundi wote hufanya hivyo. Sijawahi kuona sanamu ya mtu wa mashoto kutoka Mamboleo hadi Nyamasaria.

Nilichukua tindo nikavunja mikono yote miwili siku hiyo hiyo. Nikautoa mguu wa kushoto mbele, nikasuka waya upya, nikaimba nyimbo zote ninazozijua na nyingine nisizozijua. Nyundo ilipokaa kushoto nilirudi nyuma hatua tatu, nikacheka peke yangu kama mwehu. Baba alikuwa amefika!

Kaka yangu mkubwa, ambaye sasa ndiye mwenye neno nyumbani, alikuja kukagua siku mbili kabla ya ibada.

"Yawa! Hii nyundo umeweka mkono gani?"

"Mkono wake."

"Watu ya kanisa wanakuja Jumamosi. Unataka waseme mzee alikuwa mtu wa kushoto? Mwanaume ni kulia. Hata kaburi yake iko upande ya kulia ya nyumba. Badilisha."

"Lakini Wamisri—"

"Baba alikuwa Mmisri?"

Hapo nilikasirika. Nikasema Mama aamue. Kaka alikubali haraka mno, na nilijua kwa nini. Mama ndiye aliyetuchapa kila mmoja wetu tulipogusa ugali kwa mkono wa kushoto. Akisema hapana, Baba angeendelea kujificha, safari hii kwa saruji, mbele ya wajukuu wa wajukuu wake.

Mama alikuja kesho yake pamoja na Kaka. Aliizunguka sanamu polepole, akasimama mbele ya ule mkono, akaushika.

"Nani alikuambia?" akaniuliza.

"Nilimwona akigonga misumari, Mama."

"Misumari tu?" Alitikisa kichwa. "Nyathina, mtoto wangu, mimi nimepea huyu mtu chakula miaka arobaini na moja. Kila siku nafunga mlango kwanza, ndio akule na mkono yake. Wageni wakikuja, alikuwa anashika kidogo tu na ile ingine, analala njaa."

Kaka aliinama akitazama viatu vyake. Mama hakuuachia ule mkono.

"Huyu akae nje hivi hivi," alimwambia Kaka. "Nimechoka kumfungia."