Unga wa Muhogo Kwenye Injini ya Baba

Baba aliugulia kwangu Buzuruga, na alipoona siku zinamwishia akawa na neno moja tu mdomoni: arudi Bujora, akafie kwake. Bujora kwenyewe si mbali. Lakini gari la kukodi hakutaka hata kulisikia. Alikuja mjini kwa pikapu yake na angerudi kwa pikapu yake, amelala nyuma kwenye godoro. Ukaidi huo nimeurithi mimi, kwa hiyo sikubishana.

Tatizo pikapu ilikuwa inavuja oili. Kila asubuhi tunakuta dimbwi jeusi uani, na injini yenyewe imegandwa na matope na uchafu hata hujui oili inatokea wapi. Baba akatuelekeza akiwa kitandani, dirisha wazi: tuisafishe injini, ikikauka tuipake unga wa muhogo, halafu tuwashe. Pale unga utakapolowa ndipo penye ugonjwa.

Kazi ya kusafisha nikampa mdogo wangu. Lo, kumbe naye ni walewale wa mji huu, wakisikia kuosha gari wanaona ziwa. Akaiendesha mpaka ufukweni, akaiingiza majini, akafungua boneti na kuimwagia injini ndoo kwa ndoo, bado inafuka moto. Akarudi anachekelea, injini inang'aa.

Tukapaka unga. Ukalowa juu, kwenye mfuniko. Nikapumua, maana hiyo ni gasketi tu, ule mpira wa kuziba. Tukaibadilisha, tukafuta, tukapaka tena, tukawasha. Juu pakabaki peupe. Nikaanza hadi kuimba, mjinga mimi. Halafu chini, ubavuni mwa injini, ukajichora mstari mwembamba mweusi, ukarefuka huku tunauangalia. Chuma cha injini kilikuwa kimepasuka, safari haiwezi tena. Hata mimi mpika maharage najua chungu cha moto hakimwagiwi maji baridi.

Nilitaka kumzaba mdogo wangu kofi. Jirani akachungulia, akasema maji yakimwagika hayazoleki. Nilimkazia macho mpaka akaondoka.

"Mama, unga umelowa wapi?" baba akaniuliza kutoka dirishani. Ndivyo alivyoniita tangu utoto, mama.

Nikamweleza yote. Hakumgombeza mtu. Kisha akasema tumpandishe hivyo hivyo.

Tukambeba, tukamlaza nyuma kwenye godoro, pikapu imesimama palepale uani. Mdogo wangu akaenda kukaa kwenye usukani, injini imezimwa, analia kimyakimya. Mimi nikakaa nyuma nimemshika baba mkono. Nilikuwa nimekata tamaa kabisa. Siku ile nilimkasirikia hata Mungu. Jioni homa ikampanda, macho yakawa yanatazama mbali.

"Tumefika wapi?" akauliza.

"Kisesa, baba. Bujora tumekaribia."