Mbwa Tuliyemfundisha Vizuri

Mtoto wa mbwa tuliye naye nyumbani ameshauma nusu ya watu wa mtaa wetu wa Alunguli, na nusu iliyobaki inangoja zamu yake. Ameuma ndala, ameuma mpini wa jembe, ameuma tairi la pikipiki mpaka mwenye pikipiki akashuka kusikiliza kama upepo unatoka. Mke wangu alimleta kutoka Kailo ndani ya kapu, akiwa mdogo kama papai bichi, kwa sababu kuku wetu walikuwa wakipotea. Sasa kuku wapo wote. Waliopotea ni wageni.

Jirani yetu, mama anayeuza makala ya kupikia, ndiye aliyetuwekea siku ya mwisho. Aliumwa kifundo cha mguu alipokuja kuomba chumvi, akasimama katikati ya kiwanja, mkono kiunoni.

"Papa, mimi sina ugomvi na weye. Lakini ile kitu yako, siku ya Mungu, hii Jumapili, ikifika na ingali inakula watu, nitaimwangia maji ya moto. Nimesema mbele ya mama yako."

Mama yangu alikuwa ameketi pale pale akichambua sombe, majani ya muhogo. Hakuinua kichwa.

"Umuache aume," alisema. "Imbwa njo meno." Yaani mbwa ndiyo meno yake.

Basi nikabaki katikati, huku maji ya moto ya jirani, huku neno la mama. Na mama yangu, katika mkoa wote wa Maniema, hakuna anayemshinda kumfundisha mbwa asiume. Lakini alifanya kazi hiyo mara moja tu, wakati wa vita, akaapa hatairudia.

Nikajaribu peke yangu. Mimi ni mtu wa masomo. Diploma yangu niliipata juzi tu kwa masomo ya jioni, baada ya kuwasomea mbu kwa sauti miaka minne. Nikauliza simu. Simu ikasema: mbwa mdogo akikuuma, lia kama mbwa mwenzake, kisha umgeuzie mgongo. Nikalia. Nililia vizuri hata akina mama watatu wakaja mbio, vitambaa kichwani, wakiuliza ni nani aliyekufa. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mama hakucheka. Alichukua sombe yake akaenda kuichambua nyuma ya nyumba.

Wakati wa vita tulikaa mtaa wa Kasuku, upande wa pili wa mto. Baba alikuwa mtu wa reli, mwana wa Kasai aliyefuata kazi akafuatwa na mke. Watu wakiniuliza alikuwaje, huwa nawaambia kwamba mabega yake yalijaza mlango na ilimlazimu kuingia kwa ubavu. Treni ilipokatika, mshahara nao ukakatika. Akachukua baiskeli, akawa anaisukuma mpaka Kailo na mbele ya Kailo, kwenda na chumvi, kurudi na mafuta ya mawese. Baiskeli hiyo ndiyo iliyotulisha. Safari moja alirudi na mtoto wa mbwa juu ya mzigo, akatuachia, na kesho yake akashika tena njia.

Mbwa wa kule ni wa kuwinda, habweki. Wawindaji humfunga kengele ya mti shingoni ili wajue yuko wapi. Huyu wetu hakuwa na kengele. Kengele yake ilikuwa watu: akimuuma mtu, yule mtu ndiye anayepiga kelele. Baba aliliona hilo siku ile ile aliyomleta, akalipenda sana. "Mwenye kuja vibaya atajitangaza mwenyewe," alituambia.

Kisha askari wakaingia katika nyumba ya jirani aliyekuwa amekimbia. Walikuwa saba. Wa upande gani, sijui. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na kwa urefu wangu niliona viatu zaidi ya nyuso. Mkubwa wao alikuja kuangua papai letu bila kuomba, mbwa akamshika mkono. Alipiga ukelele ulioitikiwa ng'ambo ya mto Lualaba. Kisha akamgeukia mama.

"Mama, hii imbwa yako iko na siku nane. Ikiuma tena, napiga yeye risasi, napiga na mwenye kuilisha."

"Nimesikia, shefu."

"Na mwenye kuilisha njo nani?"

"Ni mimi, shefu."

Siku nane. Siku hiyo hiyo mama alichemsha muhogo. Alitafuna kipande, akakitema kwenye kiganja, akafumba ngumi mbele ya pua ya mbwa. Jino likigusa ngozi, ngumi haifunguki, na mama anamgeuzia mgongo. Ulimi ukigusa, ngumi inafunguka. Hivyo tu, mara mia kwa siku, na safari hii sitii chumvi. Kisha zamu yangu, kisha zamu ya dada yangu mkubwa. "Kila mutu atafune wake," mama alisema. "Kwa imbwa, mate ya mutu njo jina lake."

Akabaki baba, aliyekuwa njiani. Mama alitungua shati lake la kazi, lile la bluu la reli, lenye jasho ambalo halijafuliwa. Akafungia muhogo ndani yake asubuhi, akaufungua jioni, akamlisha mbwa kutoka katika kitambaa hicho. Baba aliporudi, mbwa aliyemwona siku moja tu alimlamba mpaka magotini.

Lakini siku zilikuwa zinaisha, na mama hakulala kwa hofu. Siku ya sita alijitwika beseni la muhogo akaenda kwa askari. Nilimfuata. Aliwapanga mstari, mkubwa wao mbele, akawaambia watafune. Watu saba wenye bunduki walitafuna muhogo wakautema viganjani kama watoto wa darasa la kwanza. Mmoja akasema, "Mama, utatubatiza lini?" Wote wakacheka. Mama pia alicheka. Mbwa alipita kwa kila mmoja akalamba, mkia ukimpiga mbavu zake mwenyewe. Tuliporudi nyumbani mama alikaa kizingitini akalia, kwa sababu tulikuwa tumepona.

Hazikupita wiki tatu. Ilikuwa mchana, jua limesimama. Baba alikuwa nyuma ya nyumba, anaoga nyuma ya mkeka. Baada ya mkeka kuna migomba, na baada ya migomba kuna njia ya kutokea. Mimi na mbwa tulikuwa mbele. Askari walikuwa wanahama, wanatafuta baiskeli na mtu wa kuisukuma. Waliingia wote saba. Mbwa akawakimbilia, akamlamba huyu, akamlamba yule. Hakuna aliyepiga kelele. Nami sikupiga, nilikuwa nimezoea kwamba kelele ni kazi ya mbwa. Walipita kimya, wakazunguka nyumba, wakarudi na baba, povu la sabuni lingali masikioni.

Walimpa nguo ya kwanza waliyoiona, wakamshikisha baiskeli yake mwenyewe, wakaipakia vitu vyao. "Kesho kutwa nitakuwa nimerudi," alimwambia mama. Mbwa akawafuata kwa furaha.

Mbwa alirudi siku ya nne, nyayo zimevimba. Alikuja peke yake.

Mama alimtazama akijilaza chini ya papai. "Tulimufundisha vizuri," alisema. Hakumpiga, hakumfukuza. Alimlisha mpaka akafa kwa uzee, lakini chakula alikitupa chini, wala hakumpa tena kwa mkono. Shati la bluu, lililobaki kambani siku ile, aliliweka katika sanduku la chuma pamoja na kafuri. Vita vikaisha, treni ikaanza tena kuja inapotaka. Kuna waliosema wamemwona baba mahali fulani, wengine wakasema mahali pengine. Mama hajavaa nguo ya ujane, na sisi hatujamwambia avae.

Kwa hiyo nilielewa kwa nini alitaka mbwa aume. Hata hivyo, Jumamosi ilifika, na kupitia ukuta wa matete tuliona jirani akisugua sufuria lake kubwa, pole pole, ili tuone. Mtoto wa mbwa alikuwa amelala miguuni mwa mama. Nilikuwa natafuta kamba ya kumrudisha Kailo.

"Weka hiyo kamba," mama alisema. "Lete muhogo."

Alianza yeye. Mkono umezeeka siku hizi, lakini ngumi ilifumbwa vile vile. Kisha mke wangu, kisha binti yetu, kisha mimi. Nikamwuliza kama nimwite jirani naye atafune.

"Hapana. Wa humu ndani tu, basi." Akainua sauti ili ivuke ukuta. "Wengine wapige hodi! Mwenye kupiga hodi, tutamushikia imbwa."

"Nimesikia, mama!" jirani akajibu. Sufuria likanyamaza.

Nilidhani tumemaliza. Mama akasema, "Sasa lete shati."

Nililitoa sandukuni. Nililinusa, nikampa alinuse. Lilikuwa na harufu ya kafuri tu. Alilishika usoni muda mrefu, na mke wangu akamchukua binti yetu wakaingia ndani.

"Ulivae," mama alisema. "Ukachimbe pale, jua likuchome. Jasho lenu, weye na baba yako, njo moja."

Mimi, ambaye kwa miaka yote hii nimewaambia watu kwamba baba alijaza mlango, nilishindwa kufunga kifungo hata kimoja. Mikono iliishia karibu na viwiko. Mshono wa bega ukalia. Mama akaniangalia.

"Alikuwa mwembamba," alisema. "Hukumbuki?"

Nilichimba shimo lisilo na kazi mpaka mgongo ukalowa. Nikalivua, mama akafungia muhogo ndani yake, na ilipofika jioni akaufungua. Mtoto wa mbwa alinusa kitambaa, akainusa mikunjo yote, kisha akala taratibu bila kutumia jino.

"Basi," mama alisema, akilikunja shati. "Akifika, hatamuuma."

Nikaenda kufukia shimo.