Safu ya Rachida Haiiti Mteja

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, soko la Palma limeshaamka na kelele zake. Upande wa samaki watu wanagombea barafu. Upande wa mitumba muuzaji anapiga makofi na kutangaza bei kama anayefukuza kunguru shambani. Mteja akikatiza tu, mkono unavutwa huku, kikapu kinavutwa kule.

Kisha anafika kwenye safu ya mboga, na hapo anaachwa apumue.

Wanawake tisa wamekaa nyuma ya banka zao, kama wanavyoziita huku meza za kuuzia. Hakuna anayepaza sauti. Hakuna anayemshika mtu mkono. "Umeamkaje, mama?" anasema wa kwanza. Mteja anaitikia, anatua kikapu chini, anaanza kuchagua taratibu.

Mwisho wa safu amesimama Rachida Yassine, mwenye miaka arobaini na minne, uso mweupe kwa msiro, ule unga wa mti wanaojipaka wanawake wa pwani hii. Anapanga mafungu, lakini si nyanya peke yake na vitunguu peke yake. Kila fungu lake ni chungu kizima: kisamvu kilichokwisha kutwangwa, nazi, vitunguu, nyanya na pilipili. Mwenye haraka anabeba fungu lake na kwenda zake, hajazunguka soko zima kwa ajili ya nazi moja.

"Mtu asije sokoni kama anakwenda kupigana," anasema bila kuinua macho kwenye kazi. "Aje achague kwa nafasi yake. Akichoka, benchi lile pale, na maji yapo kwenye mtungi."

Usimwone mpole hivyo ukadhani ni mwepesi wa kushindwa.

"Huyu akiamua lake, mtazungumza mpaka makoo yakauke," anasema Lurdes Januário, muuza vitunguu mwenye asili ya Mueda, ambaye banka yake inagusana na ya Rachida. "Mwisho wake nyinyi ndio mtakaonyamaza. Na kweli tulinyamaza!"

Jambo lenyewe lilianzia nyumbani. Mdogo wake Rachida, Awa, alikuwa hapa sokoni siku vita vilipoingia mjini. Alisikia watu wakipiga kelele, akadhani ni wauzaji wanaita wateja kama kawaida yao. Akaendelea kuchagua bamia. Alipogeuka, watu walikuwa wakikimbia, na yeye ndiye alikuwa wa nyuma.

Alipona. Alipita porini na wengine hadi kijiji cha Pundanhar, miguu imevimba, na kutoka huko wakaendelea mbele. Waliporudi Palma Awa alipika, alifagia, alitaniana na majirani. Sokoni tu ndiko hakukanyaga tena. Akifika mlangoni na kusikia zile kelele, aligeuka akarudi nyumbani.

Rachida ilimuuma hiyo kuliko nyumba yake iliyobomoka. "Awa alikuwa bingwa wa soko. Akishika nyanya, muuzaji mwenyewe anaanza kujitetea. Sasa ananipa mimi hela nimnunulie chumvi! Nikasema, la, mdogo wangu hawezi kuzeeka akinunuliwa chumvi."

Basi akawaendea wenzake wa safu na kuwaomba waache kuita wateja. Sokoni hilo ni kama kumwomba jogoo asiwike. Walimcheka. Faida ya siku nzima ilikuwa haizidi sana metikali mia tatu, na humo humo utoe senya, ile tiketi ya ushuru wa kila siku. Wakinyamaza watakula nini?

Lakini hakuna hata mmoja kati yao ambaye hakuwa na mtu kama Awa nyumbani kwake. Wakampa mpaka Idi. Biashara ikilala, kila mmoja atarudi kwenye kelele zake.

Siku ya kwanza waliharibu kabisa. Wakati huo hawakuwa na banka bado, kwa hiyo walikaa chini kwenye mikeka, kanga vichwani kwa sababu ya jua, macho chini wasije wakaonekana wanamvizia mtu. Walikubaliana kunyamaza, wakanyamaza kwelikweli. Na katika pwani hii, ukiwakuta wanawake wamekaa hivyo, huulizi. Unajua kuna msiba.

Mzee Aiuba, fundi cherehani wa mlangoni, alikuja kununua pilipili. Alipowaona akavua viatu, akachutama, akasema, "Poleni sana, wanangu." Kisha akainua mikono na kusoma Fatiha. Waliokuwa wakipita nao wakasimama na kuinua mikono. Nani angethubutu kumkatiza mzee katikati ya dua? Lurdes, ambaye ni Mkristo na hakuelewa kinachoendelea, akaangua kilio.

"Nilidhani wenzangu wamefiwa wakanificha," anasema Lurdes, sasa akicheka mpaka anajishika ubavu. "Nalia, na moyoni najiuliza, jamani, namlilia nani?"

Watu waliacha rambirambi mkekani, lakini hakuna aliyenunua hata kitunguu kimoja. Kuzirudisha zile sarafu kulikula asubuhi yote, maana huwezi kumwambia mtu kwamba hakuna aliyekufa asikuulize mlikaa vile kwa nini. Jioni mchicha ulikuwa umenyauka wote. Kesho yake wauzaji wawili walihama safu na kwenda kuita wateja penye vurugu.

Rachida alirudi nyumbani akitamani ardhi ipasuke immeze. Akamsimulia Awa. Awa akaanza kucheka, akacheka mpaka akaketi chini, kisha akapangusa macho na kumwambia dada yake neno moja la maana.

"Dada, mimi salamu hazinitishi. Kinachonitisha ni kuvutwa na kupigiwa kelele. Nyinyi wasalimieni watu, kisha muwaache."

Ndivyo walivyofanya. Muuzaji anasalimia kwanza, kisha anasubiri aulizwe. Wakachangishana, wakapata mbao za banka na benchi. Mafungu ya chungu yakafuata. Si kila walichojaribu kilikwenda sawa: waliwahi kuiweka basela, ile nyongeza ya bure, ndani ya fungu tangu mwanzo ili kupunguza ubishi. Wateja wakaihesabu kuwa ni haki yao, na basela wakaidai vilevile.

"Basela lazima itoke mkononi, mtu aione," anasema Rachida. "Tuliacha ujinga ule mapema."

Polepole watu wakaongezeka. Walikuja wanawake waliokuwa wakituma watoto, na wanaume waliotumwa na wake zao, ambao zamani walirudi nyumbani na mboga mbovu wakagombezwa. Wale wauzaji wawili walioondoka walirudi wenyewe, na hakuna aliyewasimanga. Siku njema, anasema Lurdes, sasa mtu huondoka na metikali mia tano.

Idi ilikuwa imekaribia, na wenzake walikuwa wameridhika. Ila Rachida hakuwa ameridhika. Kila asubuhi aliangalia mlangoni, na kila asubuhi Awa hakuwepo.

Halafu akamwona. Awa alikuwa amesimama karibu na cherehani ya mzee Aiuba, kikapu kitupu mkononi. Upande wa samaki mtu akapiga ukelele, na Awa akageuka nyuma kama anayetaka kuondoka.

"Jina lake lilinijaa mdomoni," anasema Rachida. "Nilitaka kumwita kwa nguvu zangu zote. Mimi! Niliyewakataza wote hawa wasiite mtu. Lurdes akanibana mguu chini ya banka."

Rachida alinyamaza. Anasema hajawahi kufanya kazi ngumu kama hiyo.

Awa alikaa hivyo, mgongo kwao, kwa kitambo. Kisha akageuka na kuja. "Umeamkaje, mama?" akasema muuzaji wa kwanza. Awa akaitikia. Wa pili akamsalimia, akaitikia. Akaja hivyo banka kwa banka, anasalimiwa na kuitikia, mpaka akasimama mbele ya dada yake. Akachukua nyanya, akaiminya.

"Hizi za jana."

"Za leo, mama. Zimetoka Pundanhar alfajiri."

"Za leo ndiyo zinalegea hivi? Punguza."

Rachida akapunguza. Awa akapanga nyanya kikapuni, akanyoosha mkono. "Na basela?" Akapewa pilipili mbili. Akazitazama kiganjani.

"Hii ndiyo basela ya dada mtu?"

Akaongezewa ya tatu, na nazi juu yake.

"Alinilalia bei mchana kweupe," anasema Rachida. Machozi yanateremka juu ya msiro na hajishughulishi kuyafuta. "Nilitaka kulizunguka soko zima nikiwaambia watu, mnamwona yule? Yule ni mdogo wangu, na amenishinda bei."

Awa anakuja peke yake siku hizi. Upande wa samaki bado hajafika, samaki wake hununuliwa na Rachida, na hakuna anayemharakisha. Ila ameomba nafasi kwenye safu, na seremala anamalizia banka ya kumi. Atauza bamia.

Mpango wa Rachida ni kuieneza desturi hii upande wa matunda baada ya mvua, akianza na banka mbili za jirani ambazo zimeshamuuliza. Anajua watamcheka, na hilo halimsumbui. Anapoulizwa kama Awa naye atafungwa na sheria ya safu, anatua nazi aliyoshika, anaangalia ile nafasi iliyo wazi pembeni yake.

"Wengine nitawakataza," anasema. "Lakini siku Awa akipata sauti ya kumwita mteja ndani ya soko hili, namwacha aite. Aite mpaka wamsikie kule kisiwani Rongui."