Nyongo ya Mbuzi wa Nokwazi

Miaka yote aliyofundisha baiolojia katika vilima vya Nkandla, Mwalimu Bajabulile alichora ini na kongosho ubaoni, na bado wasichana wake waliondoka wakiamini kwamba nyongo huzaliwa ndani ya kile kifuko cha kijani. Hakuwalaumu. Mbuzi alipochinjwa, wavulana waliitwa zizini. Wasichana walitumwa maji, kisha mtihani ukawauliza yale ambayo wenzao wameyaona kwa macho. Huo, aliwaambia wazazi bila kupepesa macho, ni wizi.

Kwa hiyo siku ya sherehe ya utu uzima ya Nokwazi, binti wa kaka yake, aliingia zizini na wanafunzi wake wa kike nyuma yake.

Kaka yake, Mfanafuthi, alikuwa amekwisha kumpasua mbuzi wa kwanza. "Mbona umeniletea kwaya?"

"Ni darasa, kaka."

"Nyongo hii ni ya kumwagia miguu ya mwanangu, mababu wamjue. Ukiipasua, sketi hazikanyagi hapa tena."

"Likipotea tone moja, nitawarudisha jikoni mimi mwenyewe."

"Mmemsikia, jamani. Asije akageuka."

Bajabulile alikuwa amekusudia kukiminya kifuko ili wasichana waone nyongo ikitiririka utumboni. Sasa haikuwezekana. Alitoa uzi, akaifunga shingo ya kifuko mafundo mawili, akakata katikati yake, akamkabidhi kaka yake kikiwa kimejaa pomoni.

"Haya, kisima kimekwenda," kijana mmoja akamtania. "Utawaonyesha ndoo?"

Bajabulile aliupasua utumbo mwembamba karibu na tumbo, akakiweka wazi kichunusi kilichojificha ukutani mwake, mahali mrija wa nyongo unapotokea. Kisha akalikanda ini taratibu, kuelekea kwenye mrija. Hakuna kilichotoka. Akakanda tena. Kichunusi kikatunga tone la rangi ya majani makavu, likadondoka, na la pili likafuata.

"Kifuko anacho kaka yangu," alisema. "Hii inatoka wapi?"

Zenande, mwanafunzi asiyependa kujibu darasani, aliinama karibu. "Kwenye ini, mwalimu. Kumbe kifuko ni ghala tu."

"Na ini ndilo shamba."

"Na hiki kinachofanana na mafuta?"

"Kongosho. Mrija wake, kwa mbuzi, unaingia katika huohuo wa nyongo. Nyongo huyavunjavunja mafuta, maji ya kongosho yakayameng'enya."

"Hiyo sisi humtupia mbwa," Mfanafuthi alisema.

"Ndiyo maana mbwa wako anajua mengi kuliko wewe."

Zizi zima liliangua kicheko, naye Mfanafuthi akacheka kwa kuchelewa. Alikwenda kumwagia bintiye nyongo miguuni, polepole, hadi tone la mwisho. Aliporudi, alimvuta mbuzi wa pili kwa pembe.

"Wewe uliyesema ghala," alimwita Zenande, "shika miguu ya nyuma. Na uikaze, huyu anapiga mateke."